Kutoka kilo 600 hadi noti 59: Marekani ilivyoandika upya kanuni za ndege ndogo za burudani

Chukua Cessna 162 SkyCatcher, ndege ya viti viwili, uipigie hesabu. Ikiwa tupu ina takriban kilo 376. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2004 iliiruhusu kuruka na kilo 600 tu, hivyo nafasi inayobaki ni kilo 224. Jaza matangi: galoni 24 za Kimarekani, karibu lita 91. Lita moja ya petroli ya ndege ina kilo 0.72, kwa hiyo mafuta peke yake yanakula kilo 65. Zimebaki kilo 159 kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu na begi. Weka watu wawili wa kilo 85 kila mmoja na tayari umezidi kwa kilo 11, hata begi halijaingia. Dawa ni kunyonya lita 15 za mafuta. Kwa injini yake ya Continental O-200-D hizo ni kama dakika 40 angani, zaidi ya akiba nzima ya dakika 30 ambayo Marekani inaidai kwa safari ya mchana ya kuruka kwa kuona.

Mtu akitaka kujua kwa nini kanuni ya 2004 ilibidi iandikwe upya, hesabu hiyo inamtosha kuanzia. Kikomo kilichowekwa kwa jina la usalama kiliwasukuma watu kuruka na mafuta machache, au kuzidisha uzito kimyakimya na kuomba Mungu.

Kanuni ya 2004 ilisema nini

FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilianzisha kundi la ndege nyepesi za michezo tarehe 1 Septemba 2004. Vikomo vyake vilikuwa hivi: uzito wa juu wa kuruka kilo 600, au 650 kwa ndege za majini, kasi isiyozidi noti 120, yaani kilomita 222 kwa saa, injini ikiwa kwenye nguvu yake ya juu ya kuendelea, stoli isiyozidi noti 45 bila flapu (vibamba vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa ili ndege ibebwe kwa kasi ndogo), viti viwili, injini moja ya pistoni, propela isiyobadilika pembe angani, magurudumu yasiyokunjwa. Stoli ni ile kasi ambayo ukishuka chini yake bawa linashindwa kuendelea kuibeba ndege. Rasimu ya 2002 ilikuwa imependekeza uzito mdogo zaidi, pauni 1,232, ndipo ukapandishwa hadi pauni 1,320, ambazo ndizo kilo 600.

Jambo jipya hasa halikuwa kwenye vikomo. Ndege ya kawaida hupata cheti cha aina, na kwa cheti hicho serikali inachungulia michoro, majaribio na kiwanda kwa miaka. Kundi hili jipya halikuhitaji hilo. Mtengenezaji alifuata viwango vilivyokubaliwa na wadau chini ya shirika la viwango la ASTM, kikuu kikiwa F2245 kwa ndege za mabawa yasiyozunguka, kisha akasaini mwenyewe tamko kwamba ndege yake inavikidhi. FAA ilikagua makaratasi na ndege husika, si usanifu wote kuanzia mwanzo. Gharama ilishuka sana. Utaratibu huu tutaurudia, kwa sababu ndipo mambo yalipoharibika kweli.

Upande wa rubani, leseni ya michezo iliwezekana kwa saa 20 za kuruka, na badala ya cheti cha daktari wa anga leseni ya kuendeshea gari ilitosha. Abiria mmoja, mchana tu.

Mzani ulivyokosea

Uzito ni rahisi kupima. Sukuma ndege kwenye mizani mitatu, jumlisha, umemaliza. Lakini urahisi wa kupima hauna uhusiano na hatari. Kisa kinachochekesha wakongwe wa viwanja vya ndege ni cha Ercoupe, ndege ya miaka ya 1940. Modeli ya 415-C ilikuwa na uzito wa juu wa pauni 1,260, ikaingia kwenye kundi. Modeli ya 415-D, yenye umbo lile lile, iliidhinishwa kwa pauni 1,400, ikabaki nje. Na kwa kuwa kanuni ilitaka ndege iwe imekuwa ndani ya vikomo tangu idhini yake ya kwanza bila kukatika, Ercoupe yoyote iliyowahi kupandishiwa uzito kwa karatasi ilipoteza nafasi hiyo milele, hata karatasi ikirudishwa ilikotoka. Wanunuzi wakajifunza kupekua daftari za miaka 60 wakitafuta mstari mmoja wa fundi aliyeongeza pauni 140.

Kosa la ndani zaidi liko kwenye bawa. Stoli haitawaliwi na uzito peke yake, bali uzito ukigawanywa kwa eneo la bawa. Kwa bawa la kawaida lisilo na flapu, noti 45 zinaruhusu kama kilo 50 kwa kila mita ya mraba. Gawanya 600 kwa 50 upate mita 12 za mraba, na ukipima mabawa ya ndege nyingi za kundi hili utakuta yanacheza humo humo. Ndege nyepesi yenye bawa pana kiasi hicho hupeperushwa. Upepo wa ubavuni ukishika pale rubani anapoinua pua kutua, bawa moja linanyanyuka, gurudumu moja linagusa kwanza, na mguu wa magurudumu uliochongwa mwembamba ili kuokoa kilo mbili unapinda. Mtengenezaji aliyetaka kuongeza miguu imara, fremu ya kulinda vichwa au parashuti ya ndege nzima alilazimika kuzitoa kilo hizo kwenye mafuta au kwenye watu.

Cessna walijaribu. SkyCatcher ilitangazwa 2007, ikapoteza ndege mbili za majaribio kwenye mzunguko wa kuanguka, Septemba 2008 na Machi 2009, marubani wote wakapona, na mkia ukasanifiwa upya. Waliamua kutumia O-200-D, inayofahamika na kila fundi lakini nzito kuliko Rotax 912 ya washindani wengi, na kilo hizo hazikurudi. Uzalishaji ulikoma 2013 zikiwa zimeuzwa chini ya 200, na ndege ambazo hazikupata mnunuzi zikavunjwa.

Wakati huo huo, mtu aliyejenga ndege yake gereji alikuwa huru. Akithibitisha kwamba zaidi ya nusu ya kazi ni ya mikono yake, hakuwekewa kikomo cha kilo 600 wala noti 120. Kwa hiyo ndege ya kiwandani, yenye viwango na ukaguzi, ilibanwa kuliko ndege ya gereji. FAA yenyewe ilipotetea mabadiliko ilieleza kwamba kundi la ndege za michezo lilikuwa na kiwango cha chini cha ajali za vifo kuliko ndege zinazojengwa na watu binafsi, na kwamba ilitaka kuwavuta wanunuzi upande wa kiwandani.

Zodiac, na sahihi ya mtengenezaji

Wanaodhani ulegevu hauna bei waisome Zodiac CH 601 XL, ndege ya bati ya viti viwili iliyouzwa kama seti ya vipande vya kujiunganishia na pia ikiwa tayari kutoka kiwandani chini ya kanuni ya 2004. Aprili 2009 NTSB, bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, iliitaka FAA izizuie zisiruke. Ilihesabu ajali nne Marekani na mbili Ulaya ambamo ndege hizi zilikatika angani, watu 10 wakafa. Mtuhumiwa mkuu alikuwa flata: eleroni, kibamba cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege upande, inaanza kutikisika, mtikisiko unavuta nguvu kutoka kwenye upepo wenyewe, bawa linaitikia, na ndani ya sekunde chache bati limechanika.

Eleroni za Zodiac hazikuwa na vizito vya kusawazisha mbele ya bawaba. Hoja ya upande wa usanifu ilikuwa kwamba kebo zikikazwa kwa kipimo sahihi, flata haitokei. Kwenye karatasi sawa. Lakini kebo ni ya chuma na mwili wa ndege ni wa alumini, na alumini hunywea zaidi kwenye baridi. Ndege iliyokazwa kebo ndani ya hanga lenye joto inapopanda kwenye hewa baridi, mwili unafupika kuliko kebo na kebo inalegea. Ongeza kebo mpya inayojinyoosha katika saa zake za mwanzo, na fundi anayekaza kwa kubana na vidole badala ya kipima mkazo. Ulinzi unaotegemea kipimo kinachohama chenyewe ni ulinzi wa kubahatisha. Kizito cha risasi mbele ya bawaba hakijali hali ya hewa.

FAA haikuzizuia mara moja. Baada ya ajali nyingine Novemba 2009 ndipo ilipoacha kutoa vyeti vipya kwa modeli hiyo na kuwaonya wamiliki wasiruke kabla ya marekebisho: kuimarisha mhimili wa bawa na sehemu ya katikati, na kuweka vizito kwenye eleroni. Ripoti ya timu maalumu ya FAA ya Januari 2010 ilikuwa nzito zaidi. Ilikuta kwamba mizigo aliyoitumia msanifu kwenye hesabu za muundo haikukidhi kiwango kwa ndege ya pauni 1,320. Ikagusa pia nguvu ndogo mno inayohitajika kuvuta usukani na usahihi wa saa ya kasi. Yaani tamko lilisainiwa, viwango vilitajwa, cheti kikatolewa, na hesabu ya msingi ilikuwa pungufu. Kikomo cha kilo 600 hakikuokoa mtu hapo.

Rasimu ya 2023, kanuni ya 2025

Rasimu iliyopewa jina la MOSAIC ilichapishwa tarehe 24 Julai 2023. Muda wa maoni ulitakiwa kuishia Oktoba, ukasogezwa hadi 22 Januari 2024. Kanuni kamili ilitangazwa kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh, jimbo la Wisconsin, tarehe 22 Julai 2025. Kikomo cha uzito kilifutwa kabisa, na stoli ikawa kipimo badala yake.

Vuta nikuvute kubwa ilikuwa juu ya namba. Rasimu ilipendekeza noti 54 kwa ndege na noti 50 kwa zile ambazo rubani wa leseni ya michezo anaweza kurusha, zote bila flapu. Vyama vya marubani vikapiga kelele, na kwa haki. Cessna 172S, pengine ndege ya mafunzo inayojulikana kuliko zote, ina stoli ya noti 53 bila flapu. Ingeachwa nje kwa noti tatu, huku baadhi ya ndege zenye tabia ngumu kuliko yake zikipita.

Kanuni ya mwisho ilitenganisha mambo mawili. Rubani wa michezo anaruhusiwa ndege yenye stoli isiyozidi noti 59 bila flapu. Ndege mpya ya kundi hili, kwa upande wa cheti, inapimwa flapu zikiwa chini: noti 61, namba ile ile iliyotumika kwa miongo kama kikomo cha ndege za kawaida za injini moja. Mgawanyo huu ni wa busara kuliko rasimu. Msanifu akiruhusiwa kutegemea flapu anaweza kutumia bawa dogo lisilopeperushwa. Rubani mwenye saa chache anapimwa kwa hali mbaya zaidi, siku flapu zimegoma au amezisahau.

Kwa kanuni hiyo ndege za kundi zinaweza kuwa na viti vinne na kasi hadi noti 250. Propela ya kubadilika pembe, magurudumu ya kukunjwa na mota ya umeme vinaruhusiwa. Rubani wa michezo akirusha ndege ya viti vinne bado anabeba abiria mmoja. Usiku anaruhusiwa akiwa na mafunzo ya ziada, idhini ya mwalimu, na afya iliyothibitishwa kwa cheti cha daktari au utaratibu wa BasicMed, unaotumia daktari wa kawaida badala ya daktari wa anga. Hapo leseni ya gari haitoshi.

Je, hatari imeongezeka? Kwa fizikia, ndiyo. Kilo 600 zikigonga kwa noti 45 zina nishati ya kilojuli 160. Cessna 172S yenye kilo 1,157 ikigonga kwa noti 53 ina kilojuli 430, mara 2.7. Tofauti ni kwamba chuma cha kuimeza nishati hiyo sasa kinaruhusiwa kuwepo: viti vinavyobonyea, mikanda ya mabega iliyofungwa kwenye muundo halisi, miguu minene. Kwa maoni yetu biashara hiyo ni nzuri, kwa sharti kwamba watengenezaji watatumia kilo walizopewa kwa vitu hivyo na si kwa viti vya ngozi.

Namba yenyewe inasomwaje

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kikomo kimeandikwa kwa kasi iliyosahihishwa, si kasi inayosomwa kwenye saa. Karibu na stoli ndege imeinua pua, mrija wa kupimia upepo hauelekei tena mbele sawasawa, na saa inadanganya kwa kusoma chini. Kitabu cha 172S kinaonyesha noti 48 kwenye saa, lakini 53 zilizosahihishwa. Mtu aliyesoma rasimu ya noti 50 huku akiangalia mwanzo wa utepe wa kijani wa saa yake angeapa kwamba ndege inapita.

Utaratibu sahihi ni kufungua kitabu cha ndege kwenye jedwali la kasi za stoli, safu ya flapu juu, bila kulaza ndege, kwa uzito wa juu ulioidhinishwa na kitovu cha uzito kikiwa mahali pabaya zaidi. Mara nyingi ni mbele, kwa sababu hapo mkia husukuma chini kwa nguvu na bawa linabeba mzigo wa ziada. Chukua kasi iliyosahihishwa. Vitabu vya kabla ya katikati ya miaka ya 1970 mara nyingi vimeandika maili kwa saa. Gawanya kwa 1.15 upate noti. Maili 68 ni noti 59. Huwezi kupunguza abiria ili stoli ishuke ukadai ndege imeingia: kinachoangaliwa ni uzito wa juu kwenye cheti, si uzito wa safari ya leo.

Yanayochanganywa zaidi

Cessna 172 haikugeuka kuwa ndege nyepesi ya michezo. Rubani ndiye aliyepanuliwa haki, ndege imebaki na cheti chake cha kawaida. Ukaguzi wa mwaka bado ni wa fundi mwenye idhini ya ukaguzi, vipuri bado ni vilivyoidhinishwa. Mmiliki mwenye cheti cha fundi wa ndege za michezo, kile kilichopatikana kwa kozi ya saa 16 kwa ukaguzi wa ndege yake ya majaribio au saa 120 kwa matengenezo ya ndege za mabawa, hawezi kuisainia 172. Akisaini, ndege haina ukaguzi halali, na kampuni ya bima italigundua hilo siku mbaya kuliko zote.

Jingine ni la afya. Leseni ya gari inamtosha rubani tu ikiwa ombi lake la mwisho la cheti cha daktari halikukataliwa, wala cheti chake cha mwisho hakikufutwa au kusimamishwa. Asiyewahi kuomba yuko salama. Aliyeomba akakataliwa amefungiwa mlango mpaka amalize shauri hilo na FAA. Wapo waliokwenda kupima "ili tu kuwa na uhakika" huku wakijua moyo una kasoro, wakapoteza haki ambayo wangekuwa nayo kama wangebaki nyumbani. Sheria haimwambii mgonjwa aruke. Rubani anayejua hafai haruhusiwi kuruka hata kama makaratasi yote yapo.

Kwa msomaji wa Nairobi au Arusha anayetamani kuagiza ndege ya namna hii: cheti maalumu cha FAA hakifikii viwango vya Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kwa hiyo nchi nyingine hailazimiki kukitambua. Ndege yenye usajili wa Marekani inahitaji ruhusa ya kila nchi itakayopita. Ikihamishiwa usajili wa Kenya au Tanzania itapimwa kwa kanuni za huko, na tamko la mtengenezaji litakuwa karatasi moja kati ya nyingi. Uliza kwanza, lipa amana baadaye.

Kuna tarehe mbili za kushika. Haki mpya za marubani zilianza 22 Oktoba 2025. Upande wa vyeti vya ndege umepangiwa 24 Julai 2026, kwa sababu viwango vya wadau vilivyoandikwa kwa ndege za kilo 600 inabidi vipanuliwe kwa ndege za viti vinne, magurudumu ya kukunjwa na mota za umeme, kisha FAA ivikubali kimoja kimoja. Sahihi bado ni ya mtengenezaji. Anayenunua ndege mpya ya kundi hili ana haki ya kumuuliza muuzaji maswali ya Zodiac: mizigo ya muundo ilihesabiwa kwa uzito gani, flata ilijaribiwa angani hadi kasi ipi, na eleroni zimesawazishwa kwa vizito au kwa mkazo wa kebo.